Bonsai imekuwa ya njano, imepukutika, imegoma kukua: anzia kwenye mizizi

Mwenye bonsai, yaani mti unaolelewa ubaki mdogo ndani ya chungu kifupi, akiona majani yamebadilika rangi, swali lake la kwanza huwa la dawa: nipulizie nini? Duka la pembejeo halikosi jibu, na ndiyo maana miti mingi hufa ikiwa imepuliziwa vizuri sana. Wadudu na kuvu wapo, nitawafikia. Lakini kwa mti unaoishi kwenye chungu chenye kina cha sentimita 5 au 6, shida nyingi huanzia kwenye mizizi: maji yamezidi, maji hayafiki, udongo umesagika ukawa tope, au mti wenyewe ni wa nchi ya baridi na baridi haujaipata. Majani ni mleta habari tu, tena mchelewaji.

Kwa hiyo nimepanga mwongozo huu kwa kufuata dalili unayoiona juu, ila mara nyingi nitakurudisha chini. Wajapani wa kazi hii wana usemi kwamba kujifunza kumwagilia huchukua miaka 3, na hawausemi kwa utani.

Kagua kwanza

Chukua kijiti cha mishikaki, kichome kwenye udongo katikati ya shina na ukingo wa chungu mpaka kiguse chini. Kiache dakika 10, kisha kichomoe. Kijiti kikilowa hubadilika rangi, kwa hiyo kitakuonyesha jambo ambalo kidole hakilifikii: juu pakavu na chini chepechepe, au juu pamelowa na katikati ya mizizi hakuna hata unyevu. Kinuse pia. Udongo wenye afya una harufu ya shamba lililonyeshewa. Mizizi iliyooza ina harufu ya mtaro.

Kisha mwagilia huku unaangalia. Maji yanatakiwa yazame mara moja na yatoke kwenye matundu ya chini ndani ya sekunde chache. Yakituama juu, au yakitoka upesi huku chungu ukikinyanyua bado ni chepesi, umeshapata nusu ya jibu. Shika shina karibu na udongo, lisukume taratibu. Likicheza, mti haujafungwa kwenye chungu, na kila upepo unakata vinyweleo vya mizizi vilivyokuwa vinaanza kushika. Mti uliopandwa vizuri hufungwa kwa waya unaopita kwenye matundu ya chini. Ni kazi ya dakika chache, na wauzaji wengi huiruka.

Mwisho, jua una mti gani. Karibu mti wowote wa shina gumu unaweza kulelewa hivi, kwa hiyo neno bonsai kwenye kibandiko cha dukani halikwambii chochote kuhusu maji wala jua. Kule Japani utakuta kuromatsu, msonobari wa pwani unaotaka jua kali; goyomatsu, msonobari wa milimani wenye sindano tano tano, usiopenda miguu yake ilowe; shimpaku, ambao ni mreteni, ndugu wa mtarakwa wa milima yetu; momiji, wenye majani ya umbo la kiganja yanayogeuka mekundu kabla ya kupukutika; na satsuki, azalea (kichaka cha maua) inayochanua Mei na Juni. Kwetu utakuta zaidi mitini ya jamii ya mkuyu, mikwaju, bogenvilia, mibuyu michanga na mawaridi ya jangwani. Mtini wa Dar es Salaam na goyomatsu wa Tokyo inaweza kuonyesha dalili ileile kwa sababu zinazopingana kabisa.

Majani ya njano

Tazama yako wapi. Yakiwa ni ya ndani, yale ya zamani, na ncha za matawi zinachipua kijani, acha mti upumzike. Msonobari hutupa sindano zake za miaka iliyopita kila ifikapo Oktoba na Novemba kule kwao, na kila mwaka kuna mtu anaingiwa na hofu ya bure.

Njano iliyoenea mti mzima, majani yamelegea na machipukizi yamesimama, ihesabu kuwa ni maji mengi mpaka kijiti kikukanushe. Hapa ndipo watu hubisha: mbona nimeweka kokoto chini ya chungu ili maji yatoke? Kokoto hizo ndizo zinazokuumiza. Maji hayatoki yote kwenye udongo kwa sababu tu kuna tundu. Chini ya kila chungu hubaki tabaka ambalo udongo umeling'ang'ania, na kimo cha tabaka hilo kinategemea ukubwa wa punje za udongo, wala hakijali chungu kina kina gani. Chukua sifongo ya kuoshea vyombo, ilowanishe, ishike ikiwa imelala. Ikiacha kudondosha, isimamishe kwa upande wake mrefu. Itaanza kudondosha tena, na hujaiminya. Chungu cha bonsai ni ile sifongo iliyolala: kimo chake ni kidogo, tabaka la maji ni lilelile, basi sehemu kubwa ya mizizi inashinda majini. Ukipanga kokoto chini, umezidi kukifupisha.

Ndiyo maana bustani za Japani zinatumia udongo wa punje. Maarufu ni akadama, udongo wa majivu ya volkano unaochimbwa uwanda wa Kanto, unaozunguka Tokyo, ukakaushwa na kuchekechwa kwa ukubwa wa milimita chache. Kwa misonobari na mireteni huchanganywa na kokoto nyepesi za volkano. Vumbi lote hutupwa, maana vumbi ndilo linaloziba. Anayelea mti wake Arusha au Naivasha ana volkano jirani. Aliye mbali nazo anaweza kuponda matofali ya kuchoma, akachekecha punje za milimita 3 hadi 6, akatia mboji kidogo. Udongo mweusi wa bustani, hata uwe na rutuba ya kuotesha mchicha usiku mmoja, usiujaze kwenye chungu kifupi.

Tiba ya leo hii haina gharama. Inua upande mmoja wa chungu kwa kipande cha mbao. Chungu kikiinama, maji hukusanyika kona ya chini na kutoka, na kimo cha udongo kimeongezeka bila wewe kubadilisha chochote. Mafundi wa Kijapani hufanya hivyo kwa mti dhaifu, na kwa mti wowote mvua zinapozidi. Uondoe pia mti kwenye mvua, usimwagilie mpaka kijiti kitoke na unyevu kidogo tu, na usitie mbolea hata punje. Mizizi iliyokufa hailishwi, na chumvi ya mbolea itamalizia iliyobaki.

Harufu ya mtaro ikiwa imeshatoka, hapo ndipo mti unatolewa kwenye chungu hata kama si msimu wake. Mzizi ulio hai ni mgumu na ncha yake ni nyeupe au rangi ya maziwa. Uliooza ni mweusi, na ukiushika kwa vidole viwili ukavuta, ngozi yake inavuka na kukuachia uzi mwembamba wa katikati. Kata mpaka ufike penye uhai, panda kwenye punje safi tupu, funga mti usicheze, uweke kivulini pasipo upepo. Mtini uliopoteza mizizi mingi hufaidika ukifunikwa kwa nailoni angavu wiki kadhaa ili majani yasikauke. Mifuko ya plastiki imekuwa adimu tangu ipigwe marufuku, Kenya 2017 na Tanzania 2019, ila karatasi ya nailoni ya kufunikia vitalu bado inapatikana.

Ukikuta utando mweupe kwenye mizizi ya msonobari, usikimbilie dawa. Unuse. Ukinuka uyoga, hiyo ni kuvu rafiki inayousaidia mzizi kunyonya maji na madini, na fundi anapobadilisha udongo huacha makusudi sehemu ya udongo wa zamani ili kuvu hiyo ihame na mti. Lakini ukiona mabaka ya nta ya hapa na pale, na ukiyachokoa kwa sindano kuna vidudu vyeupe vinatambaa kwa uvivu, hao ni vidung'ata wa mizizi. Hao osha, kata, na ubadilishe udongo wote.

Kuna njano nyingine: jani limepauka lakini mishipa yake imebaki kijani, kama ramani ya mito. Mti unakosa madini ya chuma. Mara nyingi chuma kimo udongoni, ila maji yenye chokaa yamekifunga. Satsuki ndiyo inayolalamika mapema kuliko wote, na kwa sababu hiyo Wajapani huipanda kwenye kanuma, punje nyepesi za njano zenye asidi kutoka mkoa wa Tochigi. Mbolea ya chuma ya kunyunyizia itarudisha rangi kwa muda. Maji ya kisima yakibaki yaleyale, njano itarudi. Kinga maji ya mvua.

Maji yanatuama, au yanapita tu

Akadama haidumu. Baada ya miaka michache punje zinapondeka, haraka zaidi kule ambako maji huganda usiku na kuyeyuka mchana, na chungu kinabaki na udongo wa mfinyanzi. Au mizizi imejaa mpaka mti wenyewe unajiinua juu ya ukingo. Kwa vyovyote vile, unamwagilia kila asubuhi na mti unakufa kwa kiu.

Kiu haiheshimu umri. Kuna goyomatsu kwenye bustani ya taifa ya miti mjini Washington ulioanza kulelewa chunguni mwaka 1625. Tarehe 6 Agosti 1945 ulikuwa Hiroshima, kilomita 3 hivi kutoka lilipolipuka bomu, ukakingwa na ukuta wa bustani ya ukoo wa Yamaki, na mwaka 1976 Masaru Yamaki akautoa zawadi kwa Marekani. Mti uliosalimika bomu la atomiki hauwezi kusalimika mlinzi aliyesahau kumwagilia wiki moja ya kiangazi.

Kwa leo, zamisha chungu chote kwenye beseni mpaka maji yapite ukingo, usubiri mapovu yaishe, ukitoe kichuruzike. Hilo linakuvusha wiki chache. Dawa ya kudumu ni kubadilisha udongo kwa msimu wake. Kanto hufanya kazi hiyo kuanzia mwisho wa Februari mpaka Aprili, macho ya mti yanapovimba lakini hayajafunguka. Mtini na mkwaju wa kwetu huguswa wakati wa joto, unapokua kwa kasi. Kipupwe cha Juni na Julai uache. Momiji mchanga utahitaji kila miaka 2, msonobari mzee unaweza kukaa 5 au zaidi. Punguza theluthi moja ya mizizi hivi, na kwa msonobari usioshe mizizi yote ikabaki uchi.

Ukinunua bonsai ya dukani yenye kokoto zilizogundishwa juu ya udongo, zing'oe kwa bisibisi siku hiyohiyo. Zimewekwa ili udongo usimwagike wakati wa kusafirisha, na zinazuia maji kuingia na wewe kuona kilichomo.

Ncha na kingo za majani zimekauka

Jua na upepo vikiwa ndio sababu, ukavu unaonekana upande mmoja, ule ulioelekea mchana wa saa nane. Momiji ndiyo mwathirika mkuu, hata kwao. Kumagaya, mji wa mkoa wa Saitama, ulifika nyuzi 41.1 Julai 2018, na katika majira kama hayo wafugaji wa bonsai wa mkoa huo hutandaza vyandarua vya kivuli juu ya momiji na kumwagilia mara 2 au 3 kwa siku. Kuna imani potofu kwamba matone ya maji ya mchana huunguza majani. Mti wenye kiu mchana, mwagilie mchana.

Ukavu ukizunguka kingo zote, kwenye majani ya pande zote, angalia ukingo wa chungu na sehemu ya chini ya shina. Ukoko mweupe hapo ni chumvi. Visima vingi vya pwani vina maji ya chumvi kiasi cha kusikika mdomoni, na bonsai haina udongo wa kutosha wa kuificha. Kila unapomwagilia kidogo kidogo, maji yanaruka hewani na chumvi inabaki. Kwa hiyo mwagilia mpaka yatiririke chini kwa wingi, na mara moja moja suuza chungu kwa maji ya mvua mara tatu nne mfululizo.

Kingo zikikauka ghafla siku chache baada ya mbolea, huna haja ya uchunguzi. Suuza vilevile. Binafsi sipendi mbolea ya chumvichumvi kwenye vyungu vifupi, mkono ukiteleza kidogo umeunguza. Wajapani wengi hutumia vidonge vya mashudu ya mbegu za mafuta, vilivyochachushwa na kukaushwa, vikakaa juu ya udongo na kuyeyuka polepole. Mashudu ya alizeti yaliyochachushwa yanafanya kazi hiyohiyo. Yafunge kwenye kitambaa chepesi, la sivyo inzi na kuku watakuwa wageni wako wa kila siku.

Majani yamepukutika yote kwa wiki moja

Mtini? Umeuhamisha? Basi subiri. Mitini, hasa ile yenye mizizi minene inayouzwa sana madukani, hutupa majani ikibadilishiwa mwanga, kisha huchipua mengine yanayolingana na mahali papya. Makosa hufanyika hapa: mwenye mti anaona hauna majani, anauongezea maji, na mti usio na majani haunywi. Punguza maji, uache mahali pamoja, usiuzungushe nyumba nzima kutafuta penye baraka. Mbuyu na waridi la jangwani hupukutisha kiangazi au kipupwe kwa hiari yao, na ukiimwagilia wakati huo inaoza kuanzia shina.

Mreteni: kijani leo, mkavu kesho

Mti huu unastahili sehemu yake kwa sababu unadanganya. Shimpaku aliyekufa mizizi anaweza kubaki kijani wiki nyingi, maana majani yake ya magamba yanapoteza maji polepole mno. Unapoona rangi ya majani makavu, kifo kilitokea mwezi uliopita au kabla ya hapo, na unatafuta kosa la jana kumbe ni la zamani.

Dalili za mapema zipo kwa anayegusa. Shika ncha ya tawi kati ya kidole gumba na cha shahada. Tawi hai ni laini, linajikunja na kurudi, na ncha zake zina kijani kilichong'aa kuliko nyuma. Lililo mashakani limefifia, halina mng'ao, na linakwaruza. Ukilipinda lina mlio mdogo wa kuvunjika. Ukifika hapo angalia mizizi siku hiyo.

Muuaji mkubwa wa mireteni ni dari. Inauzwa kama pambo la meza, ikawekwa ofisini au sebuleni, ikakosa jua na upepo. Mreteni hauishi ndani ya nyumba, iwe Nairobi au Oslo. Walio Ulaya nao huuingiza ndani wakiuonea huruma kwa theluji, wakauweka karibu na kipasha joto. Huruma hiyo ndiyo inayouua. Theluji inaumudu, ila chungu chake kikingwe na upepo wa barafu. Ukigeuka rangi ya shaba katika baridi kali ni kawaida, kijani hurudi joto likirejea.

Ukiukata sana, utajibu kwa kutoa majani ya sindano yanayochoma badala ya magamba laini. Wajapani huyaita sugiba. Hayana dawa zaidi ya kuuacha mti ukue bila mkasi mpaka magamba yarudi, jambo linaloweza kuchukua mwaka au zaidi.

Matawi marefu, majani makubwa, nafasi nyingi

Mwanga hautoshi. Mbolea nyingi na maji mengi huchangia, lakini anza na mwanga. Mwaka 1925 wapandaji kutoka Tokyo, walioharibiwa maskani na tetemeko kubwa la 1923, walianzisha kijiji cha bonsai huko Omiya, leo sehemu ya jiji la Saitama, wakifuata ardhi, maji safi na hewa. Masharti ya kuishi pale yalikuwa haya: uwe na miti isiyopungua 10, mlango wako uwe wazi kwa wageni, uzio uwe wa mimea, na nyumba isiwe ya ghorofa. Aliyewahi kulea kuromatsu chini ya ghorofa la jirani anaelewa faida ya sharti la mwisho.

Saa 5 au 6 za jua la moja kwa moja zinatosha kwa miti mingi. Dirishani hazipatikani, hata dirisha liwe kubwa. Mti uliozoea kivuli usiupeleke juani kwa siku moja. Uzoeshe kwa wiki mbili, asubuhi kwanza.

Matawi ya chini yanakufa, juu panastawi

Miti mingi husukuma nguvu juu. Ukikata pande zote sawasawa, juu panarudi haraka, chini panakosa mwanga na kukauka, na tawi la chini likishakufa hulirudishi kirahisi. Kwa hiyo kata sana juu, kidogo katikati, na chini uache ncha zikimbie mpaka zinenepe. Kwa kuromatsu mafundi hutumia mekiri: machipukizi ya mwaka hukatwa kuanzia Juni mpaka Julai mwanzoni, wengine wakianza na yale dhaifu na kuyaacha yale yenye nguvu yakatwe siku kadhaa baadaye, ili yote yachipue upya kwa nguvu inayolingana na sindano ziwe fupi. Ni kazi ya mti wenye afya tu, na wa aina hiyo tu. Goyomatsu ukiufanyia hivyo utaujutia. Satsuki kwa upande wake ina tabia ya kinyume, nguvu yake iko chini, hivyo mkasi huanza na matawi ya chini.

Gundi, unga, vumbi

Majani yakinata na sisimizi wakipanda shina kwa msafara, wafuate. Watakupeleka kwa vidukari kwenye ncha laini, au wadudu gamba waliojibandika chini ya matawi. Masizi meusi yanayofuata huota juu ya gundi hiyo. Ukiua wadudu masizi yanafutika kwa kitambaa. Wadudu gamba wakwangue kwa mswaki.

Mreteni ukififia wakati wa ukame, tikisa tawi juu ya karatasi nyeupe. Vidoa vinavyotembea ni utitiri. Utitiri huchukia maji, basi piga majani kwa maji ya nguvu, chini na juu, kila baada ya siku chache. Jani la mtini likijikunja katikati na kufumba, lifungue: vijidudu vyeusi vyembamba ndani yake ni thripi, na hakuna dawa ya kupulizia juu itakayowafikia humo. Kata majani hayo uyachome. Ubwiri unga unaletwa na msongamano, tenganisha vyungu.

Kwa wadudu wengine, maji ya sabuni kijiko cha chai kwa lita, jioni, baada ya kujaribu tawi moja. Mafuta ya mwarobaini vilevile. Na jiulize kwa nini wamekuja: mti dhaifu huvamiwa kwanza, na udhaifu umeshajua unatafutwa wapi.

Waya umezama kwenye gome

Waya unaoviringishwa kwenye tawi ili kulipinda usiuzungushe kuutoa, utachuna tawi. Kata kwa koleo kipande kwa kipande. Waya wa alumini au shaba hukaguliwa kila wiki mti unapokua, na mtini unaweza kuumeza ndani ya mwezi. Makovu ya msonobari hufunikwa na gome baadaye. Ya momiji utaishi nayo miaka mingi.

Momiji hauamki

Ukinunuliwa kutoka nje na kuletwa pwani, mwaka wa kwanza unastawi kwa akiba, wa pili unachipua kwa kusitasita, wa tatu haufunguki. Momiji unahitaji wiki nyingi za baridi ili ulale, na friji ya jikoni haifai kwa sababu hewa yake ni kavu na mara nyingi ina matunda yanayotoa gesi ya kuivisha. Nyanda za juu zenye umande mkali unaweza kujaribu. Kwa Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam, okoa hela yako, chukua mkwaju: majani yake ni madogo kwa kuzaliwa, gome lake linazeeka vizuri, na joto haliusumbui.

Umekufa au bado?

Kwaruza gome kwa ukucha kuanzia ncha ya tawi, ukirudi nyuma hatua kwa hatua. Kijani chenye unyevu ni uhai. Kahawia kavu, endelea kurudi. Ukifika shinani bila kukuta kijani, ni msiba, isipokuwa mtini, ambao wakati mwingine huchipua kutoka chini baada ya miezi. Mreteni na msonobari hauchipui kutoka kwenye mti mtupu usio na majani, kwa hiyo tawi lililokauka lote limekwenda. Fundi wa Kijapani huwa halitupi tawi la namna hiyo: hulimenya gome, akalipaka chokaa salfa, likabaki jeupe na kuitwa jin.

Usiufukue kila siku kuangalia kama umeshika. Na ukishakubali kwamba umekufa, udongo wa mti uliooza mizizi umwage mbali na vyungu vingine, waya wa alumini utupe, chungu kisugue kwa maji na jiki kidogo, kisuuze, kikauke juani kabla ya kupanda mwingine.